Nyumba ya Kings Road na Rangi Iliyobanduliwa

Darasani tulizoeshwa kuhakiki kitabu kwa mafungu: fani huku, maudhui huku, na mwisho kabisa “kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi”. Wengi wetu tulipomaliza shule tuliiacha silaha hiyo dawatini, tukidhani inakata vitabu tu. Mimi naona inakata kitu chochote kilichotungwa na binadamu, ilimradi kiwe na umbo na kiwe na jambo la kusema. Leo nataka kuijaribu kwa nyumba.

Nyumba yenyewe iko Los Angeles, Marekani, namba 835 barabara ya North Kings Road, katika eneo ambalo tangu mwaka 1984 ni mji unaojitegemea wa West Hollywood. Ilijengwa kati ya 1921 na 1922, na msanifu wake ni Rudolph Schindler. Huko sijawahi kukanyaga. Ninaisoma kwa ramani, picha na maandishi, kama vile wengi wetu tulivyoisoma London ya Dickens bila kupanda ndege.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, msomaji asije akasema nimemzungusha. Nyumba hii ni kazi kubwa iliyopuuzwa na wakubwa wa wakati wake. Iliokolewa na wanawake wawili, mmoja kwa kalamu, mwingine kwa kukaa ndani yake na kukataa kutoka. Lakini ilipofika zamu ya kuihifadhi, kilichohifadhiwa zaidi ni wazo la mwanamume aliyeichora, na alama za mwanamke aliyeiishi zikabanduliwa ukutani. Sisi tunaotaka kuwa waandishi tunapaswa kulitazama jambo hili kwa macho makali, maana linahusu swali letu la kila siku: kazi ya sanaa ni mali ya nani, na ipi ndiyo sura yake ya kweli?

Ilivyozaliwa

Schindler alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1887, akasomea usanifu huko huko kwa Otto Wagner. Mwaka 1914 alihamia Chicago, na kuanzia 1918 akafanya kazi kwa Frank Lloyd Wright, msanifu aliyekuwa na jina kubwa Marekani. Wright ndiye aliyempeleka Los Angeles mwaka 1920 kusimamia nyumba ya tajiri mmoja, Aline Barnsdall.

Kabla ya safari hiyo, mwaka 1919, Schindler alikuwa amemwoa Pauline Gibling. Huyu Pauline hakuwa mke wa kubeba mkoba. Alihitimu chuo cha Smith, akafundisha muziki Hull-House, kituo cha Chicago kilichohudumia wahamiaji na maskini. Mwaka 1916, miaka mitatu kabla ya ndoa, alimwandikia mama yake barua akisema ana ndoto ya kuwa siku moja na kijumba kando ya msitu na milima, lakini karibu na mji wenye watu wengi, kilicho wazi kwa marafiki wa kila tabaka kama mioyo ya baadhi ya watu inavyokuwa wazi.

Naomba msomaji aiweke barua hiyo mfukoni, tutaihitaji. Hapa niseme tu kwamba wazo la nyumba iliyo wazi lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi, kwa mkono wa mwanamke, wakati mchoraji wa ramani hajulikani bado atakuwa nani.

Oktoba 1921 mume na mke hao walikwenda kupiga kambi Yosemite, bonde lenye milima na misitu. Waliporudi mjini, Schindler alikuwa na picha kichwani: kwa nini watu wasiishi hivyo mwaka mzima? Mgongo umelindwa, mbele pako wazi, moto unawaka, juu ni nyota. Wakaungana na rafiki zao wawili, Clyde Chace aliyekuwa mjenzi, na mkewe Marian, aliyesoma chuo kimoja na Pauline. Wakapata kiwanja cha futi 100 kwa 200. Idara ya majengo ilisita kuipitisha ramani, ikatoa kibali cha muda tu. Kwa lugha ya kijiweni, jamaa walianza mchezo huku refa ana filimbi mdomoni.

Fani

Tuanze na ukuta, kwa sababu ndiyo sentensi ya nyumba hii.

Kwanza walimwaga sakafu ya zege. Halafu juu ya sakafu hiyo hiyo wakamwaga mabamba ya ukuta yakiwa yamelala. Kila bamba lilikuwa na upana wa futi 4 hivi, unene wa inchi 8 chini, likipungua hadi inchi 4 juu. Zege lilipokauka, wakayainua kwa kapi mpaka yakasimama, moja baada ya jingine. Huhitaji jeshi la vibarua kwa kazi kama hiyo. Watu wachache wenye akili na subira wanatosha.

Sasa angalia alichofanya Schindler kati ya bamba na bamba. Aliacha nafasi ya inchi 3. Nyingi ya nafasi hizo akazitia kioo. Kwa hiyo ukuta mzito wa zege, ambao kwa kawaida hufunga kabisa, hapa unapitisha mwanga mwembamba kama uzi kila baada ya hatua chache. Mtu anayetazama anaona kabisa jinsi ukuta ulivyotengenezwa: hapa bamba limeishia, hapa jingine limeanza. Hakuna plasta ya kuficha maungo. Ni kama mwandishi anayeacha sentensi zake fupi, zinazoonekana zilivyoungwa, asiyeona haja ya kuzipaka manukato.

Huo ndio upande wa nyuma. Upande wa mbele, unaotazama bustani, ni kinyume chake: fremu za mbao za redwood, vioo, na milango ya turubai ya kusukuma pembeni. Schindler mwenyewe alieleza kuwa alitaka kuoanisha pango na hema. Nyuma umejificha, mbele uko nje. Bustani nayo haikuachwa iwe pambo. Iligawanywa kwa miti ya uzio na kwa kuinua na kushusha ardhi, ikawa vyumba visivyo na dari, na vingine vina meko ya kuotea moto kama sebuleni. Ukisukuma mlango wa turubai hutoki nyumbani. Unahama chumba tu.

Kwa mwaka 1922 mambo haya si mchezo. Zile nyumba nyeupe za Ulaya ambazo vitabu huzitaja kama kilele cha usanifu wa kisasa, Villa Savoye ya Le Corbusier kwa mfano, zilikuja mwishoni mwa miaka ya ishirini. Nyumba ya Kings Road ilishamaliza miaka kadhaa ikiwa inakaliwa, watoto wanalia ndani, nguo zinaanikwa.

Lakini mhakiki hasifii tu. Juu ya paa Schindler alijenga vibanda viwili vya kulalia, vilivyokuwa wazi kwa hewa ya usiku. Kwenye karatasi ni bomba sana. Ila Los Angeles nayo ina mvua na ina baridi ya majira ya baridi, na paa bapa ni paa bapa. Nyumba ilivuja, na zege lililokuwa tamu mchana lilikuwa barafu usiku. Hapo fani iliichekea kambi ya Yosemite ikasahau kwamba mtu akipiga kambi huwa anajua atarudi nyumbani.

Maudhui na wahusika

Ramani ya nyumba hii haina chumba cha kulala. Haina sebule, haina chumba cha kulia chakula. Ina studio nne, moja kwa kila mtu mzima, na kwenye ramani kila studio imeandikwa herufi za jina la mwenyewe. Schindler ana yake, Pauline ana yake, Clyde yake, Marian yake. Studio mbili mbili zimeungana kwa pembe kama herufi L, na kila jozi ina bustani yake. Pembeni kuna sehemu ya mgeni na gereji.

Hili ndilo jambo zito la nyumba nzima. Mke hapewi pembe ya chumba cha mumewe, wala chumba cha kushonea. Anapewa chumba cha kazi sawa na cha mume, kwa maana kwamba na yeye ana kazi. Tuseme kweli, ni nyumba ngapi leo zinazochorwa kwa wazo hilo?

Katikati kuna jiko moja la familia zote mbili. Wasomi wa Kizungu wanapolielezea jiko hilo huandika kama vile wamegundua mwezi. Sisi tuliokulia nyumba za kupanga, ambako majiko sita yanapangwa uani na kila mtu anajua mwenziwe kapika nini, tunajua kwamba jiko la pamoja kwa wengine ni falsafa na kwa wengine ni kodi. Hata hivyo nia ilikuwa njema: mzigo wa kupika upungue ili kila mtu arudi studioni kwake.

Kila mtu? Hapa ndipo dhamira inapojigonga kichwa. Schindler alipoeleza mpango wa jiko hilo, aliandika kwamba wake wangepokezana zamu za wiki kwa wiki kuandaa chakula cha jioni. Wake. Waume hawamo kwenye zamu. Msanifu aliweza kufikiria ukuta ambao haujawahi kuonekana, lakini hakuweza kumfikiria Clyde anamenya viazi. Wahusika wa kike wamepewa chumba cha kazi kwenye ramani, halafu wakapewa na ile kazi nyingine juu yake. Ukiwa unaandika riwaya yenye wanawake “walioendelea”, ukumbuke jiko la Kings Road. Huenda shujaa wako amepewa hotuba nzuri sura ya tatu na bado ndiye anayeosha vyombo kila sura.

Na wahusika walibadilika, kama ilivyo katika hadithi yoyote iliyo hai. Familia ya Chace iliondoka 1924. Mwaka 1925 akaingia Richard Neutra, msanifu mwingine kutoka Vienna, na mkewe Dione, wakakaa mpaka 1930. Nyumba ikawa maskani ya wanamuziki, wacheza dansi, wapiga picha, watu wa siasa za mrengo wa kushoto. Pauline ndiye aliyekuwa akiwakusanya. John Cage, aliyekuja kuwa mtunzi wa muziki mashuhuri, alikaa pale kwa muda katika miaka ya thelathini. Ile barua ya 1916 iliyo mfukoni mwako, msomaji, ilikuwa imetimia: nyumba iko wazi kama moyo.

Ila ndoa ilivunjika. Mwaka 1927 Pauline alimchukua mtoto wao akaondoka. Akaenda Carmel, akahariri gazeti dogo lililoitwa The Carmelite. Naam, mhariri wa gazeti dogo. Mwaka 1930 akaandaa maonyesho ya usanifu mpya wa California, na ndani yake akaiweka kazi ya mume waliyetengana naye. Mwenye kinyongo asingefanya hivyo.

Orodha ya 1932

Mwaka 1932 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilifanya maonyesho makubwa ya usanifu wa kisasa. Walioyaandaa ni Henry-Russell Hitchcock na Philip Johnson. Maonyesho yale ndiyo yaliyoamua kwa miaka mingi nani ni wa kisasa na nani si wa kisasa. Neutra, aliyekuwa mpangaji wa Kings Road, aliingia. Schindler mwenye nyumba hakuingia.

Kwa nini? Wenye orodha walikuwa na kipimo: kuta laini, nyeupe, nyepesi, umbo safi lisilo na mapambo. Zege lenye chunusi na mbao nyekundu na turubai havikuingia katika kipimo hicho. Kazi haikupimwa kwa kile ilichokusudia kufanya. Ilipimwa kwa kufanana na kazi nyingine ambazo wakubwa walikwisha kuzipenda.

Wenzangu wenye miswada uvunguni mwa kitanda wanajua ninachosema. Unapeleka riwaya, unaambiwa “haiko katika mtindo tunaochapisha”. Huambiwi ni mbaya. Unaambiwa haifanani. Schindler aliishi miaka 21 baada ya orodha ile, akijenga nyumba za watu wa kipato cha kawaida, hadi alipofariki 1953. Alikuwa na kazi, ila hakuwa na nafasi katika hadithi.

Mwenye kalamu

Hapo ndipo anapoingia Esther McCoy, na vijana tunaotunga hadithi tunapaswa kulijua jina hili.

McCoy alizaliwa 1904. Alikuwa mtunzi wa hadithi fupi. Aliwahi kufanya kazi ya utafiti kwa mwandishi Theodore Dreiser, na mwaka 1932 akahamia Los Angeles. Wakati wa vita alichora ramani katika kiwanda cha ndege. Akataka kusomea usanifu, akakatishwa tamaa kwa umri wake na kwa kuwa mwanamke. Mwaka 1944 akaajiriwa na Schindler kama mchoraji, ofisi ikiwa pale pale Kings Road. Kwa hiyo mtunzi wa hadithi alikaa mezani, ndani ya nyumba iliyosahauliwa, akimtazama bwana mwenyewe akifanya kazi.

Mwaka uliofuata, 1945, aliandika makala juu ya Schindler katika jarida dogo liitwalo Direction. Mwaka 1960 akatoa kitabu, Five California Architects, kilichomweka Schindler bega kwa bega na Bernard Maybeck, Irving Gill, na ndugu wawili Charles na Henry Greene. Ni kitabu hicho kilichofungua mlango. Hakikuandikwa na profesa wala mtu wa MoMA. Kilichomfaa McCoy ni kile alichojifunza kwenye hadithi: kumwona mtu na mahali pake pamoja, na kueleza kitu kigumu kwa maneno ambayo jirani yako ataelewa.

Ningeishia hapa, tungepigana makofi, tukasema kalamu ina nguvu. Lakini kisa chenyewe hakiruhusu.

Mtaa ule ule wa Kings Road, mbele kidogo, kulikuwa na nyumba nyingine ya zege, ya Irving Gill, iliyomalizika 1916 na kujulikana kama Dodge House. Gill naye yumo katika kitabu cha McCoy. Mbinu ile ya kumwaga ukuta ukiwa umelala, Gill ndiye aliyeitumia kwa bidii California kabla ya Schindler. McCoy aliipigania Dodge House kwa miaka. Mwaka 1965 alitengeneza hata filamu juu yake. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa bodi ya elimu, ambayo iliiuza. Mwaka 1970 ikabomolewa.

Tafakari hapo. Mtaa mmoja, kitabu kimoja, mwandishi mmoja, tena ile iliyobomolewa ilikuwa na filamu yake. Kwa nini moja imekufa na nyingine iko hai?

Mwenye kukaa

Jibu langu ni Pauline. Mwishoni mwa miaka ya thelathini alirudi Kings Road. Hakurudi kwa mumewe. Alihamia upande uliokuwa wa familia ya Chace. Mume upande huu, mke upande ule, na jiko katikati ambalo zamani lilikuwa la umoja. Inasimuliwa kwamba walizoea kuwasiliana kwa barua, ilhali kati yao kuna ukuta tu. Riwaya gani ingethubutu kutunga hivyo bila kuambiwa imezidisha?

Na upande wake Pauline aliupaka rangi. Zege la Schindler, lile lisilofichwa kwa plasta, akalipaka waridi. Akatandika mazulia. Alikaa humo mpaka alipofariki mwaka 1977, miaka 24 baada ya mumewe. Katika miaka hiyo Kings Road iligeuka kuwa mtaa wa maghorofa ya kupangisha, na kila kiwanja cha namna ile kilikuwa dili. Hapakuwa na bodi wala kamati ya kuamua kukiuza chake. Palikuwa na mtu anayekaa humo. Mwaka 1971 nyumba iliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na mwaka 1976, yeye akiwa hai bado, kikaundwa chama cha marafiki wa nyumba hiyo. Mwaka 1980 chama kikainunua kwa msaada wa fedha za serikali ya jimbo la California.

Kwa hiyo kalamu ya McCoy iliwafanya watu wajue kuna nini cha kuokoa. Ukaazi wa Pauline ulihakikisha kwamba siku watu walipojua, bado kilikuwepo.

Rangi iliyobanduliwa

Sasa tufike penye ubishi. Baada ya 1980 ukarabati ulianza, na shabaha ilikuwa kuirudisha nyumba karibu na hali yake ya 1922. Rangi na mazulia ya miaka ya baadaye vikaondolewa. Zege likaonekana tena.

Nitawatendea haki waliofanya hivyo. Walipokea nyumba iliyochoka, inayovuja, pesa hazitoshi. Mwanga ule wa uzi kati ya mabamba unahitaji zege tupu ili usomeke. Mgeni akikuta kuta za waridi na zulia, hataona kwamba sakafu ndiyo iliyozaa ukuta. Schindler alikuwa ameonewa na orodha ya 1932, nao walitaka mara hii aonekane bila pazia. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini mimi bado nabisha. Ni nani aliyesema kwamba nyumba ni ya kweli siku ile fundi alipokabidhi funguo, na kila kilichofuata ni uchafu? Nyumba hii haikukusudiwa kuwa sanamu. Ilikusudiwa kuwa jaribio la watu kuishi pamoja, kila mmoja na kazi yake. Jaribio huwa na matokeo, na rangi ya waridi ilikuwa mojawapo. Ile rangi ilikuwa inasema: umoja ulishindikana, lakini studio ya mwanamke ilibaki kuwa yake kweli, kiasi kwamba aliweza kubishana na msanifu juu ya ukuta wa msanifu mwenyewe. Ni maudhui gani makubwa kuliko hayo? Kuyabandua ni sawa na kuchapisha rasimu ya kwanza ya riwaya na kuitupa sura ya mwisho kwa kuwa mwandiko wake si wa mwandishi tuliyempenda.

Na itoe sasa ile barua mfukoni. Kama uwazi wa nyumba hii uliandikwa na Pauline mwaka 1916, basi yeye hakuwa mpangaji wa wazo la mtu mwingine. Alikuwa mtunzi mwenza. Anayehifadhi kwa jina la mtunzi mmoja anahifadhi nusu.

Mimi ningefanyaje? Ningeuacha ukuta mmoja wa upande wa Chace na waridi lake. Mmoja tu. Mgeni akiuliza mbona huu umechafuliwa, hapo ndipo mwongozaji angepata la kueleza, na maelezo hayo yangekuwa bora kuliko somo lote la mabamba na inchi.

Kufaulu na kutofaulu

Tangu 1994 nyumba inatumiwa kwa makubaliano na jumba la makumbusho la Vienna liitwalo MAK, kama kituo cha sanaa na usanifu. Maonyesho yanafanyika humo, watu wanaingia, wasanii wanaalikwa kuja kubishana na kuta zile. Mwaka 2022, ilipotimiza miaka 100, yalifanyika maonyesho juu ya historia yake yote, wakiwemo wakaazi na hayo mabadiliko. Hapo nawapa alama. Nyumba ya makumbusho yenye kamba nyekundu mlangoni isingekuwa nyumba ya Pauline. Kuifungua kwa watu wa kila aina ni kurudi kwenye ile barua, hata kama mazulia yamekwenda.

Hata hivyo kuna jambo wahifadhi walichemsha, na sikubali kulipitia kimya. Katika miaka ya 2000 jirani ya nyumba hiyo palipangwa kujengwa jengo la fleti. Kituo kiliitisha mashindano ya michoro mwaka 2003, wasanifu wakubwa wakaleta mawazo ya kuilinda paradiso ya Schindler. Fleti zikajengwa. Kwa nyumba ambayo nusu yake ni bustani na anga, jirani ni sehemu ya ukuta. Mawazo mazuri yalikuwepo, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine. Ni kisa cha Dodge House tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Basi, kwa kipimo chetu cha darasani: nyumba ya Kings Road imefaulu sana kifani, imefaulu nusu kimaudhui kwa sababu ya lile jiko, na uhifadhi wake umefaulu kuifungua lakini haukufaulu kuwakumbuka wote walioitunga. Atakayesema nimekuwa mkali kwa kazi ya watu waliookoa jambo, aje na hoja. Kurasa hizi ni za kubishana.

Na kwa anayetafuta la kuandika: McCoy hakumngoja Schindler afe. Alianza kuandika 1945, mwenyewe akiwa kwenye chumba cha pili, na kuta za waridi zikiwa bado zina mtu. Mahali popote palipo na nyumba iliyofikiriwa vizuri na kupuuzwa, kuna mtu anayekaa humo anayejua paa linavuja wapi, nani aligombana na nani, na rangi ilibadilishwa mwaka gani. Huyo ndiye wa kumfuata kwanza na daftari. Msanifu ana ramani zake, zitangoja.